Daktari wa kwanza kanipa pampu ya zambarau, wa pili kaniondolea. Nimfuate yupi?

Dereva_Mstaafu (Morogoro)

Wakuu, heshima kwenu. Mtanivumilia, nimezoea usukani kuliko kalamu.

Nina miaka 64, naishi Kihonda. Kazi yangu yote imekuwa lori, sehemu kubwa Dar–Tunduma, na barabara ile naijua kona kwa kona. Sigara nilianza nikiwa utingo, mwaka 1979. Dereva aliyenilea alikuwa akisema usingizi hauogopi kahawa, unaogopa moshi. Paketi moja kwa siku, na safari ikiwa ya Tunduma zinakwenda mbili. Nimeacha 2016, kwa hiyo asije mtu kunihubiria hapa; mahubiri nimeyasikia yote na yalikuwa ya kweli. Jambo jingine mlijue mapema: mwaka 2003 niliugua kifua kikuu, nikameza dawa miezi minane kama ilivyokuwa enzi hizo, nikapona.

Miaka minne sasa kifua kimepungua nguvu. Waliowahi kuendesha gari kubwa watanielewa: klina ya hewa ikiziba, dereva anajua kabla fundi hajafungua boneti. Unakanyaga mafuta, injini inanguruma, mwendo hakuna. Ndivyo nilivyo. Kutoka kwangu hadi msikitini hazifiki mita 400. Zamani nilikuwa naenda moja kwa moja, baadaye nikawa nasimama mara moja pale dukani kwa Mpemba, sasa nasimama mara tatu. Nikisimama natoa simu najifanya nasoma ujumbe, ili watu wasione nahema.

Hospitali ya kwanza walinipulizisha kwenye ile mashine ya kupima pumzi. Yule dada anakwambia vuta yote, puliza kwa nguvu, halafu anakufokea kama kondakta: endelea, endelea, bado, bado! Nikaona nyota. Wakanipa dawa ya kuvuta, tukasubiri robo saa, nikapuliza tena. Jibu likatoka 0.52. Daktari akanifafanulia kwamba katika hewa yote ninayoitoa, sekunde ya kwanza inatoka 52 katika 100 tu, na mtu akiwa chini ya 70 hata baada ya dawa, basi njia zake zimeziba na hazifunguki zote. Akasema si pumu, ni ule ugonjwa sugu wa mapafu wanaouandika COPD.

Nikapewa pampu mbili. Ya bluu ya kubanwa ghafla, hii kila mtu anaijua. Na ya zambarau, nibonyeze mara mbili asubuhi na mara mbili jioni, kila siku, nibanwe nisibanwe. Ndani yake mna dawa mbili: salmeteroli ya kutanua njia za hewa, na flutikasoni ambayo ni steroidi, maikrogramu 250 kwa kila bonyezo. Kopo lina mibonyezo 120, maana yake siku 30 limekwisha, na pamoja nalo imekwenda robo ya pensheni yangu.

Sitaki kuwa mnafiki: miezi ya mwanzo nilipata nafuu. Lakini Agosti nikashikwa na nimonia. Januari tena nimonia, safari hii nikalazwa siku sita. Katikati hapo ulimi wangu ukawa mweupe kama niliyelamba unga wa muhogo, na sauti ikakwama. Mke wangu akasema naongea kama redio iliyoishiwa betri.

Hospitali niliyolazwa Januari si ile ya kwanza. Daktari wa pale ni kijana tu, angeweza kuwa mwanangu wa mwisho. Akatazama picha ya kifua, akaniuliza habari za TB, akauliza nimonia ngapi kwa mwaka, akaniambia: "Mzee, hii ya zambarau tuiondoe. Steroidi iliyomo huenda ndiyo inayoikaribisha nimonia. Tubaki na za kutanua njia peke yake." Nikarudi kwa daktari wa kwanza kumweleza, naye akakunja uso: "Usithubutu kuacha, utabanwa."

Sasa mimi nimekaa njia panda na pampu mkononi. Nani kati yao yuko sahihi? Na ni kweli kwamba ukishaanza steroidi huwezi tena kuacha? Maana dada yangu kaniambia hizi ndizo zile wanazotumia wanyanyua vyuma, zinakausha mifupa na kuua figo. Nawaombeni majibu ya watu waliopitia au wanaoijua kazi hii.

---

Tiba_za_Bibi

Mzee wangu, achana na makopo hayo. Chemsha majani ya mkaratusi na mchaichai, jifunike blanketi, piga nyungu asubuhi na jioni siku saba. Ongeza tangawizi na asali. Mapafu yatafunguka yenyewe. Hospitali wanakufanya mteja wa kudumu.

---

Dereva_Mstaafu

Nyungu nilipiga 2020 na nchi nzima ilipiga. Nilitoka chini ya blanketi nimebebwa. Asante lakini.

---

Nusu_Pumzi (Mombasa)

Shikamoo mzee. Mimi ni mgonjwa wa pumu tangu nikiwa chuoni nasoma alifu, sasa nina miaka 41, niko Kisauni. Nakuomba sana usiache hiyo pampu. Mwenyewe niliwahi kuiacha ile ya kahawia, beklometasoni, kwa sababu niliona sibanwi tena, nikabaki na ya bluu peke yake. Miezi miwili haikutimia, nikabebwa usiku na tuktuk, midomo imekuwa ya samawati. Daktari aliniambia ya bluu inafungua mlango tu, ya kahawia ndiyo inayozima moto ndani ya nyumba. Tangu siku hiyo siikosi.

Na usiogope hayo ya wanyanyua vyuma, hizo ni steroidi za aina nyengine kabisa, zinafanana jina tu.

Kwa vile umetaja msikiti: Ramadhani mimi bonyezo la asubuhi nalifanya wakati wa daku, la jioni baada ya kufuturu, kwa hivyo halinishughulishi. Ya bluu nikibanwa mchana naitumia. Masheikh wametofautiana, wako wanaosema inafunguza na wako wanaosema haifunguzi. Wangu mie amenambia nitumie na siku nitailipa, nami nalipa. Pumzi kwanza.

---

Muuguzi_wa_Kifua

Shikamoo baba. Nafanya kazi kliniki ya magonjwa ya kifua, mwaka wa kumi na moja huu. Siwezi kukutibu kupitia simu, lakini naweza kukueleza kwa nini madaktari wako wawili wanaonekana kugombana.

Kwanza, kaka yangu wa Mombasa amesema kweli tupu, ila amesema kweli ya pumu. Kwenye pumu dawa ya steroidi ya kuvuta ndiyo nguzo, mtu akiiacha anacheza na roho yake. Wewe kwa maelezo yako una COPD, na huko mambo yamegeuka: nguzo ni dawa za kutanua njia zinazokaa saa 12 au 24, na steroidi ni ya kuongezea kwa baadhi ya wagonjwa, si wote. Na ikitumika haitumiki peke yake, inakwenda pamoja na hizo za kutanua.

Sababu yake iko kwenye damu. Ndani ya njia za hewa zilizovimba kuna aina mbalimbali za chembe nyeupe. Kuna aina inaitwa eosinofili, na hizi steroidi inazituliza vizuri sana. Mwenye pumu mara nyingi anazo nyingi. Lakini mapafu yaliyoharibiwa na moshi, wa sigara au wa kuni, mara nyingi yamejaa aina nyingine, neutrofili, na hizo steroidi hazizigusi sana. Kwa hiyo ukimpa steroidi mtu asiye na eosinofili unampa madhara ya dawa bila faida yake.

Zamani hatukuwa tunatenganisha hivi. Kila mwenye kifua kibaya alipewa. Mwaka 2007 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa unaoitwa TORCH, wagonjwa wa COPD zaidi ya 6,000 waliofuatiliwa miaka 3, na dawa yenyewe ilikuwa hiyo hiyo uliyonayo mkononi, salmeteroli na flutikasoni. Kuzidiwa kulipungua kweli. Lakini nimonia iliwapata karibu 20 katika kila 100 waliotumia mchanganyiko, wakati waliopewa pampu isiyo na dawa ilikuwa kama 12. Wewe kwa siku unavuta maikrogramu 1,000 za flutikasoni. Hicho si kiwango kidogo.

Siku hizi mwongozo wa kimataifa wa COPD, ule wa GOLD, unatutaka tuangalie mambo matatu kabla ya kumpa mtu steroidi ya kuvuta. Mgonjwa amezidiwa mara ngapi kwa mwaka? Eosinofili zake ni ngapi? Zikiwa 300 na kuendelea kwa kila maikrolita ya damu, na anazidiwa mara kwa mara, mpe. Zikiwa chini ya 100, usimpe. Katikati hapo daktari anapima. La tatu, amewahi kupata nimonia za kujirudia, au kifua kikuu? Kama ndiyo, mkono uwe mzito.

Sasa jisome mwenyewe, baba. Nimonia mbili ndani ya mwaka, na TB ya 2003. Yule kijana hakukosea kuuliza. Wala yule wa kwanza sitamwita mjinga, huenda siku anakuandikia hukuwa na nimonia hata moja.

Kuhusu kuacha: mwaka 2014 kulikuwa na utafiti mwingine, WISDOM, waliwapunguzia watu steroidi ya kuvuta polepole kwa wiki 12 huku wakiendelea na dawa mbili za kutanua njia. Kwa jumla hawakuzidiwa zaidi ya wale walioendelea nayo. Walioumia, walipokuja kuchambua baadaye, ni wale wenye eosinofili nyingi na historia ya kuzidiwa mara nyingi. Kwa hiyo si kweli kwamba ukianza ndiyo umefungwa nira. Ila usiache wewe mwenyewe leo usiku. Pampu yako ina dawa mbili ndani ya kopo moja: ukiitupa umetupa steroidi pamoja na ile ya kutanua njia, na hapo kweli utabanwa, na daktari wa kwanza ataonekana nabii.

Tafuta karatasi yako ya FBP, kile kipimo cha damu nzima. Lazima Januari walikupima. Tazama palipoandikwa eosinofili, uje utuambie.

---

Binti_wa_Njombe

Shikamoo baba. Nami niongeze upande wa pili, maana wakisoma wengine wasije wakazitupa zote.

Mama yangu ana miaka 67, sigara hajawahi kuishika. Lakini amepika kwa kuni miaka hamsini kwenye jiko la ndani, na kule kwetu baridi ya mwezi wa saba huwezi kufungua dirisha. Ukuta wa jiko lile ukiuparua kwa kidole unatoka na masizi. Mwaka juzi alizidiwa mara tatu, kila mara tunakodi gari usiku, anachomwa sindano, anapewa prednisoloni, vile vidonge vya steroidi, siku tano, tunarudi. Alikuwa na ya kutanua njia tu. Walipompima damu eosinofili zikawa 420. Daktari akasema kwanza tumpe dawa ya minyoo turudie, kwa sababu minyoo na kichocho vinapandisha hizo chembe na huku kwetu hakuna asiyewahi kuwa navyo. Wakarudia baada ya wiki kadhaa, 380. Ndipo akaongezewa steroidi ya kuvuta, budesonidi na formoteroli kwenye pampu moja.

Tangu mwezi wa kumi na moja hajalazwa. Analima mchicha wake nyuma ya nyumba, anapumzika, anaendelea. Sisemi ndiyo dawa yako, baba. Nasema kwake yeye imefaa, na kipimo cha shilingi chache ndicho kilichoonyesha.

Tulimjengea pia jiko la nje. Alilinunia mwezi mzima.

---

Famasi_ya_Kona

Nadandia hapa kwa neno moja kwa wasomaji wengine, si kwa mleta mada labda. Wanaotumia dawa za kufubaza VVU za mstari wa pili, zile zenye ritonaviri ndani, msitumie pampu yenye flutikasoni au budesonidi bila kumwambia daktari kuhusu dawa hizo. Ritonaviri inazuia ini kuiondoa steroidi mwilini, inajikusanya kama umemeza vidonge kila siku. Nimeona mteja uso umevimba mviringo, sukari imepanda, ngozi inachubuka akiguswa, na kila mtu anatafuta mchawi. Beklometasoni haina shida hiyo kwa kiasi kile. Tajeni dawa zenu zote mnapoandikiwa, hata zile mnazozificha.

---

Dereva_Mstaafu

Nimewasoma wote, Mungu awalipe. Binti wa Njombe, mpe mama pole na salamu.

Muuguzi, karatasi ya Januari nimeipata, mke wangu aliihifadhi ndani ya Msahafu. Eosinofili imeandikwa 0.1%. Chembe nyeupe zote 14.2, yaani elfu 14.2 kwa kila maikrolita. Mjukuu wangu wa kidato cha pili kazidisha kapata 14. Hiyo ni chini ya 100 kwa mbali. Basi nimalize ubishi, si ndiyo?

---

Muuguzi_wa_Kifua

Bado baba, usikimbie. Hongera kwa mjukuu, hesabu iko sawa. Swali ni hili: damu hiyo ilitolewa siku ya ngapi ya kulazwa, na ulikuwa umeshaanza prednisoloni?

---

Dereva_Mstaafu

Siku ya tatu. Vidonge vya prednisoloni nilianza siku ya kwanza, naukumbuka uchungu wake.

---

Muuguzi_wa_Kifua

Basi karatasi hiyo haitufai. Prednisoloni inazifagia eosinofili kwenye damu ndani ya saa chache, na nimonia yenyewe pia inazishusha. Ungempima hata mama wa Njombe siku hiyo angeonekana hana. Rudia ukiwa mzima, wiki kadhaa baada ya kumaliza vidonge.

Na kabla hujaenda, nieleze unavyoivuta hiyo pampu. Hatua kwa hatua, usinifiche.

---

Dereva_Mstaafu

Naweka mdomoni, nabonyeza, halafu navuta haraka, pafu moja zito, natoa. Kama tu nilivyokuwa nikivuta ile nyingine.

---

Muuguzi_wa_Kifua

Nilijua! Wavutaji wa zamani wote wananifanyia hivyo. Baba, ile si sigara. Ukibonyeza kwanza ukavuta baadaye, dawa imeshagonga ulimi na koo, imekaa hapo. Ndiyo maana ulimi ukawa mweupe, ule ni ukungu unaoota pale steroidi inapotua kila siku, na sauti ikakwama kwa sababu hiyo hiyo. Kwenye mapafu kilifika kidogo.

Tikisa kopo. Toa pumzi yote nje taratibu. Midomo izunguke pampu. Anza kuvuta kwanza, polepole, na ukiwa umeshaanza ndipo ubonyeze mara moja, uendelee kuvuta polepole hadi ujae. Bana pumzi, hesabu hadi kumi ukiweza. Toa. Subiri kidogo, rudia la pili. Ikiwa ina steroidi, sukutua na koo pia, teme, usimeze.

Mikono na pumzi visipopatana, tumia chemba ya kati, kile chombo kinachokaa kati ya pampu na mdomo. Za dukani ghali, lakini chupa ya maji ya nusu lita inafanya kazi. Profesa Heather Zar na wenzake wa Cape Town waliijaribu kwa watoto wenye pumu, wakachapisha mwaka 1999: chupa ya plastiki ya mililita 500 iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na chemba ya kununua. Pasha waya moto, choma kitakoni tundu la ukubwa wa mdomo wa pampu, liwe la kubana kabisa, ziba pembeni kwa gundi au plasta pana isivuje. Pampu inaingia kitakoni, wewe unavuta kwenye mdomo wa chupa. Bonyezo moja moja, usijaze matatu kwa mpigo.

Na kama una jasho la usiku au mwili unapungua, dai kipimo cha makohozi upya. Aliyewahi kupata TB halafu anatumia steroidi hatumwachi hivi hivi.

---

Nusu_Pumzi (Mombasa)

Miaka thelathini na zaidi natumia pampu, na mimi nilikuwa nabonyeza kwanza. Leo nimejaribu anavyosema dada huyu. Subhanallah.

---

Dereva_Mstaafu

Narudi kama nilivyoahidi, ni wiki ya saba sasa.

Makohozi yamepimwa, hakuna TB. Damu nimerudia wiki tano baada ya vidonge kwisha: chembe nyeupe 6.8, eosinofili 1.0%. Mjukuu kapata 68. Nikaichukua ile karatasi pamoja na picha zote mbili za nimonia, nikaenda kwa daktari wa kwanza, si kwa yule kijana. Nilitaka yeye ndiye azione. Alikaa nazo kimya muda mrefu, mimi nikawa nahesabu feni inavyozunguka. Halafu akaniuliza kwa upole nani kaniambia nirudie damu. Nikamwambia watu fulani. Akacheka, akachukua kalamu, akaikata ya zambarau.

Kaniandikia mbili za kutanua njia: tiotropiumu mara moja kwa siku, na formoteroli asubuhi na jioni. Ya bluu inabaki mfukoni. Akaniambia nikibanwa zaidi ndani ya miezi mitatu nirudi mbio, tutazungumza upya. Nimekubali. Tiotropiumu sikuipata Kihonda, kijana wangu kaitafuta Dar. Kwa bei siwezi kusema nimepona.

Wiki mbili za kwanza nilikuwa na wasiwasi, kila kikohozi nakitega sikio kama dereva aliyetoka kubadilisha klachi. Hakuna kilichotokea. Ulimi umerudi rangi yake. Sauti imerudi, mke wangu anasema sasa imezidi.

Tiotropiumu ina kifaa chake cha kuvutia, ila ya formoteroli na ya bluu navuta kwa chupa ya maji. Chupa nimetengeneza nne. Ya kwanza niliichoma tundu kubwa ikavuja, ya pili mjukuu alinywea maji akaitupa. Hizi mbili moja iko chumbani, nyingine iko kwenye mfuko wa kwenda nao safari. Mazoezi ya kupumua kwa midomo iliyobanwa kama unapuliza chai nayafanya barazani, watoto wa jirani wananiiga.

Msikitini nasimama mara moja. Pale pale dukani kwa Mpemba. Siku hizi nikisimama nanunua vocha kweli.